Tupeane uzoefu: Mkuu wa shule akiondoka pamoja na mwanawe, kijana naye tunamkumbuka vipi?

Mwanzilishi wa mjadala, mzazi, Kisumu

Ndugu zangu, hamjambo. Wengi wenu mliosomesha watoto hapa Kisumu mtamtambua mkuu wa shule ninayemzungumzia, ila kwa heshima ya familia sitalitaja jina lake wala la shule. Alikuja kutoka Uingereza pamoja na mkewe na watoto, akaiongoza shule yetu ya kimataifa kwa miaka mingi, na Agosti mwaka jana, wakiwa kwao likizoni, yeye na mwanawe wa miaka 15 wakafariki katika ajali ya barabarani.

Tulifanya yaliyo katika uwezo wetu. Ibada ya kumbukumbu ilijaa hadi watu wakasimama nje chini ya miti, na kitabu cha rambirambi kilijazwa na watu wa kila namna, tangu wanachama wa bodi hadi akina mama wa jikoni, kisha kikatumwa kwa mjane. Ametujibu kwa barua ya shukrani iliyojaa upole, na katika aya moja, bila lawama yoyote, anasema kwamba amekisoma kitabu chote na kumkuta mumewe karibu katika kila ukurasa, lakini mwanawe anatajwa kwa maneno mawili matatu tu: "pamoja na mtoto wake". Anauliza kama yupo anayeweza kumwandikia lolote kumhusu kijana mwenyewe. Anataka kujua mchana kutwa alikuwa akifanya nini, alicheka na nani, na utundu wake ulifika wapi pale ambapo mama hakuwepo kuuona.

Jambo hili si la shule yetu peke yake. Barabara za huku kwetu zimezoea kuchukua watu wa nyumba moja kwa pamoja. Hakuna mtu wa Kericho au Nakuru aliyesahau makutano ya Londiani jioni ile ya Juni 2023, lori lilipowavamia wachuuzi na wasafiri kando ya barabara na watu zaidi ya 50 wakapoteza maisha. Anapofariki baba mwenye cheo pamoja na mtoto asiye na cheo, maombolezo yote humwendea mwenye cheo. Rai yangu, ambayo mna uhuru wa kuipinga, ni kwamba kijana wa miaka 15 ni marehemu kamili, mwenye marafiki wake na habari zake, na hastahili kuwekwa kama kiambatisho cha wasifu wa baba. Naomba aliyewahi kuyapitia haya, awe mwalimu, mwanafunzi, mzazi, mtumishi wa kanisa au mfanyakazi wa shule, atueleze ilivyokuwa, na hasa yule mdogo mlimkumbuka vipi. Tafadhali tusitaje majina.

Aliyekuwa mlinzi wa lango, Ahero

Nilikuwa askari wa lango katika shule hiyo hiyo, kwa hiyo nitaanza mimi.

Mkuu alikuwa mtu wa watu wote. Asubuhi alishusha kioo cha gari na kunisalimu "Oyawore" kwa Kidholuo chake cha kuvunjikavunjika, na jioni "Oimore", hata siku ambazo ulimwona usoni kwamba ana mambo mazito. Hayo yote yameshaandikwa kitabuni, nami niliandika yangu humo.

Kijana alikuwa wa langoni. Baba yake alichelewa kutoka ofisini karibu kila siku, na mtoto, badala ya kumsubiri maktabani kama alivyoagizwa, alikuja kuketi nasi kwenye kibanda tukicheza ajua, yaani bao la mbegu, juu ya ubao ambao mwenzangu aliuchonga mwenyewe. Mwanzoni tulimwachia ashinde, kwa kuwa ni mtoto na tena mtoto wa mkubwa. Alipogundua alikasirika kweli, akasimama, akachukua mkoba wake na kwenda zake. Kesho yake alirudi akatuambia kwamba tukitaka acheze nasi, basi tucheze, na tangu siku hiyo hakuna aliyemhurumia. Alikuwa akizihesabu mbegu kwa macho huku midomo ikichezacheza, na mara nyingi alisema "Aii, mzee, umenimaliza" kabla mimi mwenyewe sijajua kwamba nimeshinda.

Siku ya ibada sisi wa langoni tulipewa kazi ya kuelekeza magari. Silalamiki, kwa sababu magari lazima yaelekezwe. Lakini kama mama anauliza mwanawe alicheka na nani, alicheka na sisi, saa kumi hadi saa kumi na mbili kasoro, siku nyingi za juma. Anayeandika barua amweleze pia kwamba hatukuwahi kucheza kwa pesa, asije akadhani tulimfundisha mtoto kamari.

Mwalimu mshauri, Kakamega

Nawapa pole wote walioguswa. Nimekuwa mwalimu mshauri wa shule kwa muda mrefu, na wanaokumbuka Februari 2020, zaidi ya wanafunzi 10 walipofariki katika mkanyagano kwenye ngazi za Shule ya Msingi ya Kakamega, wanajua kwa nini walimu wengi wa kaunti hii tulilazimika kuijifunza kazi hii haraka.

Kifo cha mkuu wa shule na mwanawe kina ugumu wake, ambao niliuona shuleni kwetu tulipompoteza mwalimu mkuu na binti yake wa kidato cha pili. Msiba wa kawaida unapoingia shuleni, mkuu ndiye husimama mbele, hutangaza, hutuliza na kuamua. Safari hii aliyepaswa kusimama mbele ndiye aliyefariki, na naibu wake, ambaye amefiwa kama wengine, anajikuta ameshika usukani huku machozi hayajakauka. Halafu zipo simanzi mbili chini ya paa moja. Walimu wanamlilia mkubwa wao, wanafunzi wanamlilia rafiki yao, na kwa kuwa watu wazima ndio wenye kipaza sauti, simanzi inayosikika ni yao.

Kwetu naibu alifanya jambo moja la busara sana. Hakutangaza habari ile kwenye gwaride la asubuhi. Darasa la marehemu liliambiwa na mwalimu wa darasa anayewafahamu, milango ikiwa imefungwa, na madarasa mengine yakaambiwa saa ile ile na walimu wao ili asiwepo mtoto wa kuipata habari kwenye simu ya mwenzake. Tulikubaliana kusema "wamefariki". Hatukusema "wamelala" wala "wametangulia mahali pema", kwa sababu hata kijana mkubwa, akishikwa na mshtuko, huihitaji kauli iliyo wazi. Masomo hayakusimamishwa yote. Kulikuwa na chumba kimoja chenye mtu mzima wa kusikiliza, na aliyetaka kutoka darasani alitoka bila kuomba ruhusa.

Naomba wazazi wasiwahukumu vijana kwa sura ya siku ya kwanza. Nimewaona waliocheza mpira jioni ile ile na kucheka, na watu wazima wakaudhika, kumbe mmoja wao alikuja kuanguka kilio majuma sita baadaye katikati ya somo la kemia. Wale wanaoacha kula, wasiolala, wanaogawa vitu vyao au kujitenga kabisa, msiwangoje. Wapelekwe kwa mtaalamu. Namba 116 ya Childline Kenya hupigwa bila malipo, na mtoto anaweza kuipiga mwenyewe.

Mwanafunzi wa darasa lake, Kisumu

Shikamooni. Mama ndiye aliyenionyesha mjadala huu. Nilisoma darasa moja na marehemu tangu tukiwa na miaka 11.

Ningependa kueleza kwa nini sisi wanafunzi hatukuandika mengi katika kile kitabu. Kiliwekwa juu ya meza mbele ya ofisi ya mkuu, chini ya picha kubwa ya mkuu, na mwalimu alisimama kando ili foleni iende upesi. Mtu ukiwa na kalamu mkononi mahali kama pale, huwezi kuandika kwamba rafiki yako alimwaga chai ya maabara, wala kwamba aliwahi kulala usingizi kwenye ibada. Unaandika "Mungu azilaze roho zao mahali pema peponi" kisha unampisha aliye nyuma yako. Mimi niliandika hivyo hivyo.

Ukweli ni kwamba darasani hatukumwona kama mtoto wa mkuu, labda siku mbili tatu za mwanzo. Baba yake alimwadhibu kuliko sisi, pengine ili isisemekane kwamba anampendelea, na mara moja tulimwona akiokota takataka uwanja mzima peke yake kwa kosa ambalo tulilifanya watu wanne. Hakututaja. Jambo alilolichukia kuliko yote ni kutumwa kwa baba yake: tukitaka safari ya Msitu wa Kakamega irudishwe kwenye ratiba, tulimwambia "Kaongee na mzee nyumbani", naye alijibu kwamba mzee nyumbani ana kazi ya kuosha vyombo na hapokei maombi ya safari.

Hisabati ilimsumbua sana. Kuiga watu, hapo hakuwa na mpinzani. Aliwaiga walimu wote, na aliyemwiga vizuri kuliko wote ni baba yake akitangaza kwenye gwaride kwamba soksi ni nyeusi, si za kijivu, si za buluu iliyokolea, ni nyeusi. Tunazo sauti hizo kwenye simu zetu, zaidi ya moja. Swali langu kwenu watu wazima ni hili: je, ni utovu wa heshima kumtumia mama yake sauti ya mwanawe akimwiga marehemu mumewe? Tumelijadili mara nyingi hatukufikia uamuzi.

Mama wa watoto watatu, Nakuru

Kijana wangu, nitakujibu, lakini kwanza niruhusu nisimulie yangu, maana nimeyasoma maneno yako nikalazimika kuweka simu chini kwa muda.

Mume wangu alikuwa mkuu wa shule ya sekondari katika kaunti hii ya Nakuru. Yeye na kifungua mimba wetu, aliyekuwa na miaka 16, walifariki kwenye barabara ya Eldoret, kule Salgaa, miaka ile ambayo magari ya kupanda na ya kushuka yalikuwa bado hayajatenganishwa kwa kuta za zege. Sitaeleza ajali yenyewe. Nitaeleza yaliyofuata, kwa sababu ndiyo mliyouliza.

Kamati ya mazishi ilikutana nyumbani kwetu Lanet kila jioni. Ilikuwa kamati nzuri, yenye watu waliompenda mume wangu kwa dhati: wakuu wenzake, walimu, wazee wa kanisa, wanafunzi wake wa zamani ambao sasa ni watu wenye kazi zao. Walichanga, walisimamia makafani, walihangaika na hati zote za polisi na hospitali, na mimi sikulazimika kusaini chochote bila mtu kunisomea. Ninayasema haya ili asiwepo wa kudhani kwamba ninawasuta.

Jioni ya nne waliniletea mfano wa kijitabu cha ratiba kabla hakijapelekwa kuchapishwa. Jalada lilikuwa na picha ya mume wangu akiwa amevaa joho la mahafali, imejaa ukurasa wote, na kwenye pembe ya chini, ndani ya duara dogo kama la stempu, yumo mwanangu. Ndani kulikuwa na kurasa tano za wasifu: alikozaliwa, shule alizosoma, vyeo, kamati, matokeo ya mtihani yalivyopanda tangu achukue uongozi. Mstari wa mwisho ulisema kwamba ameacha mjane na watoto wawili, na kwamba alifariki pamoja na mwanawe. Nilihesabu maneno yaliyompata mtoto wangu. Nikauliza, "Na wasifu wa huyu uko wapi?" Pakawa kimya, kisha mmoja wa wazee akanijibu kwa upole kabisa, "Mama, mtoto alikuwa bado hana wasifu."

Sikupiga kelele. Niliingia chumbani kwake nikarudi na vitu nilivyovikuta juu ya meza: daftari ambalo nusu yake ni Fizikia na nusu ni michoro ya magari ya matatu yaliyopakwa rangi, kadi ya timu ya voliboli, karatasi yenye orodha ya watu waliomkopa pesa na kiasi walichokopa, wengine wamekatwa kwa mstari na wengine bado, na barua ya msichana ambayo sikuisoma na sijaisoma hadi leo. Nikaviweka mbele ya kamati, juu ya ile ratiba. Shemeji yangu mkubwa alisema kwamba gharama itaongezeka na muda hautatosha, kwa kuwa wageni ni wengi na wa mbali. Nikamwambia, "Shemeji, mmoja alinioa, na mwingine nilimzaa. Siwezi kumzika mmoja kama kivuli cha mwingine." Aliyeumaliza ubishi ni mama mkwe wangu, ambaye alikuwa amenyamaza siku zote zile, alisema kwamba yeye amepoteza mwana na mjukuu, hao ni wawili, na kama pesa ya karatasi imekwisha atauza mbuzi.

Basi kukawa na vijitabu viwili vya ukubwa mmoja. Wasifu wa mwanangu uliandikwa na marafiki zake wanne, kwenye baraza yetu, usiku, huku wakibishana kuhusu ni nani hasa aliyelibuni jina la utani alilompa mwalimu wa zamu. Mchungaji aliusoma kwanza peke yake, akafuta sentensi moja, ambayo baadaye vijana waliirudisha kwa mdomo mbele ya watu wote, na kanisa zima likacheka msibani. Tuliwaweka waseme mapema, kabla ya wageni waalikwa, kwa sababu sote tunajua yanayotokea kipaza sauti kikishawafikia waheshimiwa: wanafunzi huambiwa "Nyinyi semeni kwa dakika mbili, jua limezama." Hilo ni jambo dogo la kupanga, lakini nawasihi wenye kamati wasilipuuze.

Wakuu wenzake mume wangu walimsifu kwa saa nyingi, na alistahili. Baada ya mazishi shule iliita ukumbi kwa jina lake, nami nilialikwa kukata utepe. Nilifurahi. Lakini ninapokosa usingizi, kile ninachokisoma ni kijitabu cha pili.

Sasa, kijana wangu. Mtumie mama sauti hizo. Umtangulizie ujumbe wa kumweleza zina nini, ili yeye achague siku na saa ya kuzisikiliza, wala usimtumie zote kwa mpigo. Ningepewa mimi sauti ya mwanangu akimwiga baba yake, nisingeona utovu wa heshima hata chembe. Mtoto hawezi kumwiga mtu namna hiyo bila kumsikiliza kwa makini kwa miaka.

Binti wa mkuu wa shule, Bungoma

Baba yangu yu hai na bado ni mkuu wa shule, namshukuru Mungu. Nilisoma katika shule aliyoiongoza, kwa hiyo nalijua jambo moja tu na nitalisema kwa kifupi: miaka yote minne niliitwa "mtoto wa mwalimu", hata na wapishi, hata na wageni. Nilipofaulu, alifaulu mtoto wa mwalimu. Nilipokosea, baba ndiye aliyeaibika. Nikiusoma mjadala huu ninajiuliza yangeandikwa nini kama siku moja tungesafiri pamoja tusifike. Nimemsomea baba simulizi ya mama wa Nakuru. Amenyamaza kwa muda mrefu, kisha akaniuliza ni nani hasa rafiki zangu wa karibu, akaziandika namba zao za simu.

Mhasibu, Kisumu

Neno kuhusu mifuko ya ufadhili, kwa kuwa bila shaka kuna atakayependekeza. Niliwahi kutunza hesabu za mfuko uliofunguliwa kwa jina la mwalimu mkuu mmoja na mwanawe. Mwaka wa kwanza michango ya M-Pesa ilimiminika, wa pili ikadondoka tone tone, na wa tatu tukawa na wanafunzi wawili tuliowaahidi karo na akaunti isiyotosha hata mmoja. Ahidini kidogo. Chukueni mwanafunzi mmoja na mhakikishe karo yake yote ipo benki kabla hajaitwa jina mbele ya watu, watia saini wawe watatu, na mmoja wao asiwe mfanyakazi wa shule. Zaidi ya hapo sina.

Mzee mstaafu, Maseno

Nimesoma yote kwa makini, nami nina hoja tofauti kidogo, ambayo natumaini vijana wataivumilia.

Hapa Maseno tuna shule iliyoanzishwa 1906, na wazee wake wanapokutana hawakosi kumtaja Carey Francis, yule mwanahisabati wa Cambridge aliyekuja kuiongoza 1928, akaondoka 1940 kwenda kuwa mkuu wa Shule ya Upili ya Alliance. Kinachowagusa wengi ni kwamba alipostaafu Alliance 1962, baada ya heshima zote zile, alikwenda kuwa mwalimu wa kawaida wa darasani kule Pumwani, Nairobi, na kazi hiyo ndiyo aliyokuwa nayo hadi alipofariki 1966. Watu huwakumbuka wakuu wa shule kwa sababu walibadilisha maisha ya mamia ya watoto wa wengine, na kumbukumbu hiyo ni deni la haki. Msije mkaona aibu kumsifu baba kwa kuogopa kumfunika mtoto.

Jambo la pili ni la miili. Nyinyi wa Kisumu mlifanya ibada bila majeneza, kwa sababu walizikwa kwao, na mwenye nyumba kuzikwa kwao ni sawa. Lakini watu wa huku hawajui kuomboleza hewani. Zamani Mjaluo akipotelea ziwani au vitani na mwili usipatikane, ukoo ulichukua tunda la yago, lile refu zito linaloning'inia kwa kamba yake, ukalizika kwa taratibu zote kama mtu, ili walio hai wawe na mahali pa kuelekeza uso. Sisemi mumzikie Mwingereza yago. Hakuwa na desturi hiyo na familia yake hatukuiuliza. Ninachosema ni kwamba wanafunzi na wafanyakazi wanahitaji mahali hapo shuleni, na iwe ni mahali pamoja. Waliondoka pamoja, baba na mwana. Mkianza kugawa, huu mti wa baba, huu wa mtoto, mtakuwa mnatenganisha kile ambacho hata ajali haikukitenganisha. Nawashauri mpande mti mmoja.

Mama wa watoto watatu, Nakuru

Mzee wangu, nakuheshimu, na katika mti mmoja sina ubishi. Makaburi yao kwangu yamekaribiana kiasi kwamba nikipalilia moja jembe linagusa la pili. Nilichokitenganisha mimi ni maandishi tu. Mti hausomwi, kijitabu husomwa, na anayekisoma ni ndugu yake mdogo, ambaye alikuwa na miaka mitatu na hamkumbuki kaka yake kabisa. Yeye humjua kaka kwa yale marafiki wanne walioyaandika barazani. Hata ile orodha ya madeni anaijua kwa moyo, na mmoja wa waliokuwa wamebaki hawajalipa alikuja mwaka juzi akiwa na mke na mtoto mchanga, akamlipa yeye shilingi 150.

Mwanzilishi wa mjadala, mzazi, Kisumu

Mzee, nitalifikisha wazo la mti mmoja kwa naibu mkuu. Mlinzi wetu wa Ahero, nitakupigia ili uniambie maneno yako nami niyaandike kama yalivyo, pamoja na lile la kamari. Wanafunzi hawatawekewa kitabu kingine mezani. Wataandikia wanapotaka na kuniletea bahasha zikiwa zimefungwa, wala hakuna mwalimu wa kuzisoma.

Mwanafunzi wa darasa lake, Kisumu

Asante sana, mama wa Nakuru. Tumekutana jana baada ya mazoezi, tukazisikiliza sauti zote. Mbili tumeziacha kwa sababu zina matusi, ingawa mmoja wetu anasisitiza kwamba hizo ndizo zinazofanana naye zaidi. Tumemwandikia mama yake ujumbe wa kumweleza tulicho nacho, naye amejibu usiku huo huo kwamba tutume. Tutaanza na ile ya soksi.